Vali ya Mwakani

Uvumi ule ulimkuta Shangazi kwenye kiti cha msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama shamba ambalo halijalimwa, na tangu dakika ile ulimganda kama kupe.

"Wamemwibia mtoto wa watu moyo," msusi alisema, kitana mdomoni.

"Moyo hauibiwi, mama. Ukiibiwa umeshakufa."

"Si wote. Kile kilango chake, wanakiita vali. Ya mwenyewe ilikuwa mbovu, wakasema watampa ya marehemu aliyeacha ruhusa. Sawa. Siku ya kisu yakaja masanduku mawili ya barafu. Mfanya usafi wa ghorofa ile ni jirani yangu, kayaona kwa macho yake. Moja likafunguliwa, la pili likarudishwa. Haya, jiulize, la pili lilikwenda kwa nani?"

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye uwezo wake. Kizuri kimekwenda huko, mtoto wa watu kashonewa makapi. Ndiyo maana leo miguu imemvimba kama unga uliotiwa hamira."

Shangazi hakuwa shangazi wa msusi wala wa yeyote mtaa ule. Jina hilo alilipata polisi, alipokuwa mpelelezi, kwa sababu aliwahoji watu kama shangazi anayemchunguza mchumba wa binti wa kaka yake: taratibu, kwa tabasamu, mpaka mtu anamtaja mwenyewe mke wake wa pili. Siku hizi alitumwa na bodi inayosimamia hospitali, kuchunguza malalamiko ya wagonjwa. Na lalamiko la mtoto huyo lilikuwa mezani kwake tangu Jumatatu.

Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Shangazi hakuupenda msemo huo. Alishaona watu wakifungwa kwa lisemwalo tu. Lakini uvumi mtupu huwa hauna hesabu, na huu ulikuja na masanduku mawili.

"Nipe kitambaa," alisema, akainuka.

"Unakwenda wapi na kichwa nusu?"

"Nitarudi kwa nusu nyingine."

Akafunga kilemba mpaka kwenye nyusi, akaondoka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mtoto alifunguliwa kifua, akawekewa vali ya marehemu, na wiki chache baadaye vali ikawa inavuja: damu ambayo moyo umeisukuma mbele, nusu yake inarudi nyuma. Daktari aliijibu bodi kwamba vali yenyewe ilikuwa dhaifu. Alhamisi angemfungua tena, aweke nyingine, kwa njia ileile. Mama wa mtoto alikataa kutia saini mpaka arudishiwe "ile ya sanduku la pili". Asiposaini, moyo ule uliokwishachoka usingefika mwisho wa mwezi. Akisaini huku hakuna anayejua kwa nini ya kwanza ilivuja, mtoto angeingia kwenye kisu mara ya pili kwenda kuchukua kosa lilelile.

Leo ilikuwa Jumanne.

*

Walimwita Nukta, kwa udogo wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikaa kitandani ameegemezwa mito kama mtu anayesubiri mgeni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala nimekaa."

"Kama askari wa zamu."

"Kwani askari wa zamu analala?"

"Huwajui askari. Mimi nimeishi nao."

Nukta akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mama yake akamshika mgongo mpaka kikapita. Mama Nukta alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya mtu aliyesahau kulala. Upande wa pili alikaa bibi, mama yake mzazi, akikunja na kukunjua leso.

Shangazi hakukimbilia maswali. Alitazama. Sweta la mtoto lilikuwa na mikono iliyokunjwa mara tatu. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vyeusi vya shule, vipya, na kwenye ncha ya kila kimoja limesokomezwa gazeti.

"Viatu vizuri," alisema.

"Nilimnunulia kabla hatujalazwa," Mama Nukta alijibu. "Vya mwakani hivyo. Mtoto anakua kila siku, utanunua kila siku?"

"Kweli. Haya, nieleze, mama. Nasikia unataka vali nyingine."

"Nataka yetu. Mimi si mjinga, Shangazi. Nesi aliponiambia ziko mbili, moja ndogo moja kubwa, nilimfuata daktari mwenyewe. Nikamwambia, daktari, hiki kifua ndicho atakachoolewa nacho na kuzalia. Mwekee kubwa, asije akafunguliwa tena. Akasema hewala. Mbele ya nesi. Halafu mtu wa usafi anasema sanduku moja lilirudi. Si ndiyo ile kubwa? Ndogo ndiyo imevuja, maana imezidiwa."

"Nani alikwambia ndogo ndiyo imewekwa?"

"Nani aniambie? Akili yangu."

Bibi alikohoa. "Usimchafue yule daktari. Ana adabu yule. Hata mimi hakuninyima."

"Hakukunyima nini, bibi?"

"Ah, maneno ya wazee."

Nesi aliingia na sinia la dawa, pazia likavutwa, mazungumzo yakakatika hapo. Shangazi alikwenda zake, lakini lile "hakuninyima" aliliweka kwapani kama mwavuli: hujui mvua itanyesha lini.

*

Chumba cha vali kilikuwa mwisho wa koridoo, na ndani yake tanki moja la chuma lililofuka moshi mweupe kila lilipofunuliwa. Mtunza vali alikuwa mtu mnene mwenye glavu zinazofika viwikoni. Alimpokea Shangazi kama mtu anavyompokea fundi wa kupima jeneza.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuuliza. Kuchukua watu nimeacha. Umeme ulikatika mwezi ule?"

"Ulikatika. Tanki hili halijui umeme, linatumia naitrojeni. Ungekatika mwaka mzima, humu ni baridi tu."

"Kwa hiyo haikuharibikia humu."

"Kila moja inapimwa kabla ya kugandishwa. Mbovu hatuigandishi. Tugandishe ya nini, maonyesho?"

"Siku ya Nukta yalitoka masanduku mawili."

"Yanatoka mawili kila siku. Moja lina inayotakiwa, moja la akiba. Inayotakiwa inayeyushwa asubuhi, mgonjwa akiwa bado wodini, maana kuyeyusha kunahitaji muda. Ya akiba inabaki kwenye barafu yake. Isipohitajika, inarudi."

"Na ile iliyoyeyushwa, ikikataliwa dakika ya mwisho?"

"Haigandi tena. Ni kama samaki: ukishamtoa kwenye barafu, umpike au umtupe."

Shangazi akavuta kigoda. "Iliyoyeyushwa ilikuwa ipi?"

"Kubwa. Milimita ishirini na tatu. Iliyorudi ni kumi na nane."

"Una hakika? Mama mtu anaapa ni kinyume."

"Shangazi, hata nikifumbwa macho nitakutofautishia. Kubwa ndiyo iliyoingia."

Basi uvumi ukapata ufa wake wa kwanza. Mtoto hakunyimwa kubwa. Alipewa ileile iliyoombwa.

"Hiyo ishirini na tatu mnapima wapi? Ndani au nje?"

Mtunza vali akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ndani, pale damu inapopita. Unene wa ukuta haumo kwenye hesabu."

"Na njia ya mtoto mwenyewe ilikuwa na upana gani?"

"Hilo ni la daktari. Ila kwenye maombi yake aliniandikia ishirini."

"Ishirini na tatu kwenye ishirini. Na hukuuliza?"

"Kwa njia aliyokuwa amepanga, haikuwa tatizo." Akafunika tanki. "Muulize yeye alikuwa amepanga njia gani."

"Ya akiba iko wapi sasa?"

"Imekwisha. Alipewa mgonjwa mwingine wiki iliyofuata. Mwalimu."

Mwalimu. Shangazi alishuka ngazi akiwaza huyo mwenye uwezo wa maneno ya saluni: labda mke wa mkubwa fulani, labda mwenye shule zake tatu. Akamkuta jioni ileile kwenye darasa lenye dirisha lililozibwa kwa boksi, mwanamke mfupi kiasi kwamba ubao aliuandika nusu ya chini tu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nusu Ubao, na alilijua hilo.

"Nani alikusaidia kupata vali?" Shangazi alimuuliza.

"Foleni. Nilikaa kwenye foleni mpaka nikasahau nasubiri nini."

"Unaendeleaje?"

"Napanda ngazi naimba. Kabla ya hapo nilikuwa nikipanda kitandani napumzika katikati." Akajigonga kifuani polepole. "Daktari Hewala alinieleza vizuri. Alisema, mwalimu, bomba lako la damu ni zima, kilango tu ndicho kibovu. Basi nakushonea hiki ndani ya bomba lako mwenyewe, kama bitana ndani ya mkono wa koti. Na kwa kuwa ni kidogo kuliko bomba lako, kitakaa."

Shangazi akaaga, akatoka. Daktari yuleyule. Tanki lilelile. Vali ndogo, imeshonwa ndani, na mwalimu anaimba kwenye ngazi. Kwa hiyo mkono wa daktari haukuwa mbovu, na tanki halikuwa bovu. Na mwenye uwezo hakuwepo kabisa.

Ungedhani mtu akishaubomoa uvumi atalala vizuri. Yeye hakulala vizuri. Mwizi ukimkamata, kesi imekwisha. Asipokuwepo mwizi, jambo linabaki limesimama mlangoni linakutazama.

*

Daktari Hewala alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Jina hilo lilitoka kwa akina mama wa wodini, ambao hawakuwahi kusikia "hapana" kinywani mwake. Ukimwomba mwanao aogeshwe kwa maji ya moto, hewala. Ukimwomba asubiri mjomba afike kutoka safari, hewala. Walimpenda mno. Jumatano asubuhi aliwasha mashine, akamwonyesha Shangazi picha ya moyo wa Nukta ukipiga.

"Vali ina mabawa matatu," alisema. "Yakikutana, mlango umefungwa. Unaona? Haya mawili yanakutana. Hili la tatu halifiki, damu inapita pembeni, inarudi nyuma."

"Bawa limechanika?"

"Hapana."

"Limeoza?"

"Hapana."

"Basi limefanya nini?"

"Limekunjamana."

"Daktari, kitu hukunjamana kwa ubovu au kwa kukosa nafasi?"

Daktari alizima mashine, akaiwasha tena, kama mtu anayetaka picha ibadilike.

"Uliiambia bodi ilikuwa dhaifu," Shangazi aliendelea, sauti haijapanda hata kidogo.

"Niliamini hivyo."

"Ulipanga njia gani?"

"Kuondoa bomba lote. Unakata kipande cha mwanzo cha mshipa mkuu wa mgonjwa, unaweka bomba la marehemu zima na vali yake ndani, halafu unairudishia ile mishipa midogo miwili inayoulisha moyo wenyewe."

"Na ulifanya njia gani?"

"Nilishona ndani."

"Kama kwa mwalimu."

"Kama kwa mwalimu."

"Ila vali ya mwalimu ilikuwa ndogo."

"Nilidhani nikiipunguza kingo itakaa. Mwishoni tulipima, ikavuja kidogo. Nikasema kitatulia."

"Kilitulia?"

Daktari akajifuta uso kwa kiganja.

"Nasikia mnajifunza kushona kwa mioyo ya buchani," Shangazi alisema. "Nishonee."

Muuza nyama alimuuliza kama mioyo ile ni ya kuchemsha au ya kukaanga. "Ya kushona," alijibu, na muuza nyama akaona bora asiulize zaidi. Alichukua miwili ya mbuzi mdogo na miwili ya kondoo dume, akaipeleka kwenye chumba cha mazoezi, chenye meza ya bati na bomba la maji.

Daktari alivaa glavu. Kwa moyo wa mbuzi wa kwanza, alitoa vali yake, akachukua ya kondoo, akaipunguza kingo na kuishona ndani ya bomba la mbuzi, mshono wa chini kisha wa juu. Alishona kwa utulivu. Mtu angeweza kukaa akamwangalia siku nzima. Alipomaliza, Shangazi akainama kutazama kwa juu. Ukuta wa kondoo ulikuwa umejibana ndani ya ukuta wa mbuzi, na kwa kuwa haukuwa na pa kwenda, umejikunja kuelekea kati na kulivuta bawa moja.

"Mimina maji," alisema.

Daktari akalijaza bomba maji kwa juu. Vali njema ingeyashika, yakasimama kama kwenye kikombe. Yalishuka. Si kwa kishindo. Yalijipenyeza pembeni, mkondo mwembamba usiokatika, yakatiririka kwenye bati.

"Sasa ile uliyopanga."

Moyo wa mbuzi wa pili aliukata bomba, akaliweka bomba la kondoo zima juu yake, vali imekaa ndani ya ukuta wake iliozaliwa nao, akairudishia ile mishipa midogo. Tofauti ya upana ilikuwepo, lakini iliishia kwenye mshono wa chini. Juu yake mabawa yalikuwa nyumbani kwao. Akamimina maji.

Yalisimama. Walisubiri. Yaliendelea kusimama, yakaonyesha taa ya dari.

"Vali ileile," Shangazi alisema.

"Saizi ileile." Daktari aliongea kama anayejisomea. "Kubwa si kosa. Kushona ndani si kosa. Nimezifanya zote mbili, watu wanatembea. Kosa ni kubwa, halafu ndani."

"Na kesho ulikuwa umepanga nini?"

"Mama aliomba kubwa zaidi." Akavua glavu. "Nikasema hewala."

"Na ndani?"

"Na ndani."

Shangazi akafunga bomba la maji lililokuwa likidondoka. "Kubwa aliomba mama. Ndani aliomba nani?"

"Ulijuaje kama aliomba mtu?"

"Bibi kasema hukumnyima."

Daktari akaketi. "Alinisimamisha mlangoni mwa lifti, asubuhi ya kisu. Alinishika mikono yote miwili. Akaniambia, mwanangu, hilo bomba si bovu, mwachieni cha kwake kilicho kizima. Usimkate mjukuu wangu zaidi ya lazima. Nikamwona kama mama yangu. Nikasema hewala, bibi."

"Na vali kubwa ilikuwa imeshayeyushwa."

"Ilikuwa imeshayeyushwa."

Jibu lenyewe, basi, lilikuwa hilo, na Shangazi aligundua halikumfurahisha. Alikuwa amezoea mwisho wa kesi kumwonyesha mtu mbaya. Huyu mama aliomba kwa upendo. Yule bibi aliomba kwa upendo. Na daktari, kwa huruma, aliwapa wote wawili, yakaenda maombi mawili yakagongana ndani ya kifua cha mtoto.

"Twende wodini," alisema.

"Nitawaambiaje?"

"Utaanza na neno ambalo hujawahi kulisema."

*

Mama Nukta aliwaona wakija pamoja, akasimama. "Mmeipata?"

"Tumeipata," Shangazi alisema. "Keti, mama."

Aliinama chini ya kitanda, akachukua kiatu kimoja cheusi, akalichomoa gazeti kwenye ncha na kuliweka mapajani mwa Mama Nukta.

"Kiatu kikikuzidi, unafanya nini?"

"Si unaona? Unaweka karatasi."

"Na sweta?"

"Unakunja mikono."

"Moyoni hakuna pa kuweka karatasi, mama. Na kilango kikikunjwa, kinavuja."

Mama Nukta alitazama lile gazeti lililochukua umbo la kidole. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na ghafla vyote vikawa vinasikiliza.

"Sanduku lililorudi lilikuwa la ndogo," Shangazi alimwambia, sasa kwa sauti ya wawili tu. "Hukuibiwa. Ulipewa ulichoomba."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana," daktari alisema.

Neno lilitoka dogo, kama mtu anayejaribu meno mapya. Alirudia. "Hapana, mama. Wewe uliomba. Kuomba ni haki ya mzazi. Mwenye sindano ni mimi, na mimi ndiye niliyejua kwamba kubwa inakwenda na njia moja na ndogo inakwenda na nyingine. Nilipaswa kukukatalia wewe, au nimkatalie bibi. Sikumkatalia mtu. Nikamwachia mtoto alipe."

Bibi aliweka leso chini. "Maneno yangu ya kwenye lifti?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona hukuniambia kama mama yake kashasema lake?"

"Mbona wewe hukuniambia mimi kama unakwenda kwenye lifti?" Mama Nukta alimgeukia mama yake. "Tumelala chumba kimoja usiku ule."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza."

Wakatazamana, mama na mwana, na hapo ungesema patawaka moto. Nukta ndiye aliyeuzima.

"Kwani mimi hamniulizi?" alisema kutoka kwenye mito. "Mimi nataka inayonitosha. Hivyo viatu vyenyewe vinanichubua."

Mtu wa kitanda cha tatu akacheka, akajifanya anakohoa.

Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda, akawaeleza wote watatu kwa mpigo mmoja. Kesho angeondoa vali iliyokunjamana. Ukutani humo palishashonwa mara moja, kwa hiyo hapangefaa kushonwa ndani tena. Angeweka bomba zima. Saizi ingekuwa ile inayolingana na njia ya Nukta alivyo sasa.

"Na akikua?" Mama Nukta aliuliza. "Hiyo nayo itakua naye?"

"Haikui. Sitakudanganya. Huenda siku moja akiwa mtu mzima ikahitaji kubadilishwa. Lakini ili aifikie siku hiyo, kwanza afike mwakani."

"Basi hata namba moja mbele? Moja tu, daktari."

Wodi nzima ilingoja. Wote walijua jibu la mtu yule.

"Hapana, mama."

Mama Nukta akainamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu.

"Na wewe, bibi?" Shangazi aliuliza. "Bomba lake litakatwa."

Bibi alimtazama mjukuu wake, miguu iliyovimba, mito mitatu mgongoni. "Kateni," alisema. "Cha kwake ni yeye mwenyewe. Mwachieni huyo."

*

Alhamisi Shangazi hakuwa na kazi ghorofa ya upasuaji, lakini alikuwepo, amekaa kwenye benchi kati ya mama na bibi, kilemba mpaka kwenye nyusi. Asubuhi hiyo, mlangoni mwa lifti, daktari aliwakusanya mama, bibi na Nukta mwenyewe, pamoja na mtunza vali, akasema kwa sauti saizi ya vali na njia atakayoshona, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Ndipo akaruhusu iyeyushwe.

Alitoka saa za alasiri, barakoa imening'inia kidevuni. Hakusema kitatulia. Alisema, "Tumepima mara tatu. Maji yamesimama."

Mama Nukta hakuelewa maji yapi. Shangazi alielewa, akajiziba macho kwa ncha ya kilemba, akajisingizia vumbi.

Wiki mbili baadaye Nukta alitoka hospitali kwa miguu yake, kwa viatu vya kahawia vilivyomkaa sawasawa. Vile vyeusi mama yake alivifunga kwenye mfuko, akavipandisha juu ya kabati. Kutupa hakuweza; mazoea yana taabu.

Na Shangazi alirudi kwenye kiti cha msusi. Msusi alikifungua kilemba, akaguna kwa alichokiona.

"Nusu iliyosukwa imefumka, nusu isiyosukwa imejisokota. Haya, niambie, nani alikula vali ya mtoto?"

"Hakuna aliyekula."

"Mimi naambiwa na mtu aliyeona masanduku."

"Aliyaona kweli. Hakuona yaliyomo." Na akamsimulia yote, tangu viatu mpaka maji, taratibu, huku kitana kikipunguza mwendo mpaka kikasimama kabisa.

Msusi alichana kipande cha boksi la dawa ya nywele, akampa Shangazi kalamu. "Andika. Nabandika hapa kwenye kioo. Hawa mama zangu wote wana watoto."

Shangazi akaandika:

MAMBO YA KUEPUKA, MWANAO AKIENDA KWENYE KISU

Usichukue habari ya hospitali hapa saluni ukaifanya ndiyo ripoti.

Usiulize saizi tu. Uliza na itashonwa vipi, na kama hivyo viwili vinapatana.

Usimwombe daktari jambo ambalo wenzako wa nyumbani hawalijui.

Usimshike daktari mkono mlangoni mwa lifti. La kusema lisemwe kabla vali haijayeyushwa.

Usimpende daktari kwa kuwa hakatai.

Usikubali neno "kitatulia" bila kuuliza lini, na kisipotulia itakuwaje.

Usimsahau mtoto mwenyewe. Muulize.

Viatu, nunua vya mwakani ukitaka. Moyo, usimnunulie wa mwakani.